Mtihani wa Leta: Nani Humkagua Mkaguzi?

Mnajua kelele za siku matokeo ya Mtihani wa Leta yanapotoka. Vijana wanajimwagia unga mweupe kichwani, mama wanapiga vigelegele. Furaha hiyo siipingi. Lakini kesho yake kijana anapeleka diploma kwa tajiri wa kazi, naye tajiri anaiweka kando bila kuisoma: «Keti hapa, andika barua moja nione.» Baba amelipa miaka 6 ya sekondari, na karatasi haiaminiki!

Tangu 1967 nchi yetu ina mtihani mmoja kwa wote wanaomaliza sekondari. Nia yake ni njema: mtoto wa Kongolo na mtoto wa Kinshasa wapimwe kwa kipimo kimoja. Insha huandikwa mbele, siku yake ya pekee. Halafu zinakuja siku 4 za maswali ya kuchagua jibu. Jibu ni namba tu. Namba yapita kwa simu, kwa kikohozi, kwa karatasi ndogo ndani ya kiatu. Nani anashindwa kunakili namba?

Tena kuna fedha. Katika shule moja, sitaitaja, niliona wanafunzi wakiandikwa majina na fedha ya «kuwatia moyo» wasimamizi. Mama mmoja muuza ndizi alileta yake imefungwa katika pindo la kitenge. Binti yake alikuwa wa kwanza darasani. Nikamwuliza, kwa nini basi? Akajibu: «Mwanangu anajua, baba. Lakini asipolipa watamwonea.»

Wengine wanasema, tuongeze askari mlangoni. Mimi nasema ubaya uko juu zaidi. Ofisi ya wakaguzi wa wizara ndiyo inayotunga maswali, ndiyo inayosahihisha, ndiyo tena inayotuambia kama kazi yake imekwenda vema. Sokoni, je, tunamwachia muuza unga aikague mizani yake mwenyewe?

Huko Uingereza tangu 2010 wana ofisi ya pekee, jina lake Ofqual. Haitungi mitihani ya shule; inawachunguza wanaoitunga, na inajibu mbele ya bunge. Siyo ofisi ya malaika. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa Korona, hesabu yake ilishusha karibu alama 4 katika kila 10 ambazo walimu waliwapa vijana wa A-level. Lakini namna ya hesabu ilichapwa siku ileile ya matokeo, watu wakaisoma, vijana wakaandamana, na baada ya siku 4 ikafutwa. Kwetu mtoto aliyeonewa atasoma nini?

Kenya ni karibu zaidi. Katika mtihani wao wa mwisho wa sekondari wa 2015, wizi ulizidi hata matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yakafutwa. Mwaka 2016 wakubwa wa baraza la mitihani waliondolewa. Karatasi zikafungiwa katika makontena ya chuma, na kila mkuu wa shule akawajibika kwenda kuzichukua mwenyewe asubuhi. Waliopata alama ya A walikuwa zaidi ya 2,600 mwaka 2015. Mwaka 2016 walikuwa 141. Je, watoto wa Kenya walipotewa na akili kwa mwaka mmoja?

Nasikia neno hili: «Mkikaza hivyo, watoto wa maskini wataanguka.» Kumbe wanaoanguka leo ni nani, kama si wale wasio na cha kufunga katika kitenge?

Nasi Wakatoliki tusijifiche. Shule za Kanisa, zinazoendeshwa kwa mapatano ya 1977 na Leta, nazo zinapenda kutangaza 100 kwa 100. Sawa. Zitangaze pia fedha walizodai kwa ajili ya mtihani, franka kwa franka. Na wabunge wanaokuja kuomba kura kwetu waulizwe kama watapiga kura kwa ofisi ya kuchunguza mitihani isiyo chini ya waziri.

Wakati huo kamati ya wazazi isingoje Kinshasa. Ikutane kabla ya mtihani, imwandikie mkuu wa shule na mkaguzi wa jimbo: fedha hii ni ya nini, nani ameipokea, risiti iko wapi?