Injini Ikifa, Mwenye Kosa ni Fundi Peke Yake?



Katika gereji zetu hapa Kampala kuna desturi moja mbaya. Gari dogo likichemsha na injini ikafa, wa kwanza kulaumiwa ni fundi. Mwenye gari anafoka, bosi anafoka, na mwisho wa mwezi mshahara wa fundi unakatwa. Juzi mwanachama wetu mmoja alikatwa nusu ya mshahara kwa injini aliyoifunga vizuri. Rejeta aliyopewa na bosi ilikuwa kuukuu, lakini hakuna aliyeuliza habari za rejeta.

Mambo haya hayakuanza kwetu. Nawapa habari ya wenzetu wa Marekani.

Mwezi wa Septemba 1970 kampuni ya General Motors ilitoa gari dogo liitwalo Chevrolet Vega. Wakubwa walitaka gari jepesi, la bei nafuu, la kushindana na magari madogo ya kutoka ng'ambo. Bloku ya injini yake ya lita 2.3 ilikuwa ya aluminiamu iliyochanganywa na silikoni, bila silivu za chuma ndani ya silinda. Juu yake wakaweka silinda hedi ya chuma. Rejeta nayo ilikuwa ndogo. Fundi yeyote anajua kuwa aluminiamu haivumilii joto kali kama chuma. Maji yakipungua, bloku inapinda, gasketi inaungua, maji yanaingia kwenye silinda na kuta zake zinachubuka. Hapo injini inaanza kula oili na kutoa moshi. Wenye magari walilalamika sana.

Magari hayo yaliungwa kwanza katika kiwanda cha Lordstown, jimbo la Ohio. Mstari wa kazi ulikwenda mbio hata kutoa magari kama 100 kwa saa, maana yake mfanyakazi alipata sekunde 36 tu kwa kila gari. Mwaka 1971 uongozi mpya ulipunguza watu, na mwendo ukabaki uleule. Wafanyakazi walipolalamika, kampuni iliwashutumu kwamba wanaharibu magari kwa makusudi. Machi 1972 wanachama wa UAW wa kiwanda hicho waligoma siku 22.

Sisemi kwamba kila gari lilitoka Lordstown likiwa zima. Mtu akikimbizwa namna ile, boliti moja itabaki imelegea, na hapo aulizwe aliyeweka mwendo huo. Lakini injini haikutengenezwa Lordstown. Ilitoka kiwanda cha Tonawanda, jimbo la New York, na aina ya bloku iliamuliwa ofisini na wakubwa. Dawa ilipopatikana, haikuwa kumwadhibu mfanyakazi. Kwa magari ya mwaka 1976 kampuni ilirekebisha mfumo wa maji na sili za valvu, ikatoa dhamana ya miaka 5 au maili 60,000. Basi ugonjwa ulikuwa kwenye mchoro. Lakini jina la gari lilikuwa limekwisha kuharibika, na mwaka 1977 Vega iliachwa kutengenezwa.

Ndugu zangu, tujifunze nini? Naona kila gereji yenye wanachama wetu iwe na daftari. Gari likiingia, fundi aandike: maji yalikuwaje, oili ilikuwaje, rejeta ni mpya au kuukuu, spea iliagizwa na nani. Bosi akikataa kununua spea, liandikwe hilo pia, na mwenzake atie sahihi. Daftari litunzwe na mwakilishi wa chama. Siku ya lawama tutalifungua mbele ya bosi na mwenye gari.

Chama hakitetei uzembe. Fundi akikosea, akubali kosa lake. Lakini asilipe kwa mshahara wake uamuzi ambao hakuufanya. Wazee walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Daftari moja halina gharama kubwa. Tuanze wiki hii.