Aliyeondoka na Gitaa Lake

Mwaka 2005 nilikuwa nimekaa sebuleni kwangu na mwanaume ambaye sikuwa nampenda. Alikuwa mtu mzuri tu, mstaarabu, anayejali. Kosa halikuwa lake. Nilikuwa naye kwa sababu moja: alifanana na yule aliyeniacha. Urefu ule ule, kicheko kile kile, mpaka timu ya mpira wanayoshabikia ilikuwa moja. Redio ikapiga wimbo wa Kizungu unaoanza na piano, ghafla nikaanza kulia. Yule bwana akaniuliza, "Vipi tena?" Nikamwambia ni kitunguu. Jikoni siku hiyo hakukuwa na kitunguu wala sufuria iliyobandikwa.

Mpenzi msomaji, karibu tena kwenye safu yetu. Mwezi huu naomba tuongee mapenzi kwa kupitia njia ya pembeni kidogo, maana nataka nikupe kisa cha wale walioimba wimbo ule. Ni bendi ya vijana wa Uingereza inayoitwa Keane, na wimbo unaitwa Somewhere Only We Know. Ulitoka Februari 2004. Kama ulikuwa msikilizaji wa redio za FM miaka ile, basi umeshakupitia masikioni hata kama jina hukulijua. Ni ule ambao piano inagongwa kwa nguvu tangu mwanzo, ile ile, ile ile, kama mtu anayebisha hodi na hana mpango wa kuondoka.

Najua unajiuliza, roki ya Wazungu inamhusu nini mtu aliyetemwa wiki iliyopita? Tulia mwenzangu. Nakuja.

Kusini mwa Uingereza kuna mji mdogo unaoitwa Battle, mahali palipopiganwa vita maarufu vya mwaka 1066. Hapo ndipo walipokulia Tim Rice-Oxley na Tom Chaplin, marafiki tangu utotoni. Mwaka 1995 Tim na wenzake wawili, Richard Hughes wa ngoma na Dominic Scott wa gitaa, wakaanzisha bendi. Kama vijana wengi wanavyoanza, walikuwa wanapiga nyimbo za watu: Beatles, U2, Oasis. Tom mwenye sauti yake nyororo akajiunga mwaka 1997.

Sasa hapo kati kuna jambo likatokea. Tim alikuwa anasoma chuo kikuu London, University College, na huko kulikuwa na mwanafunzi mwingine anayeitwa Chris Martin. Naye alikuwa na bendi yake changa, ambayo dunia nzima ingekuja kuijua kwa jina la Coldplay. Chris alimsikia Tim akipiga piano, akamwomba ajiunge nao. Tim akakataa. Tayari alikuwa na bendi yake na wenzake wa nyumbani. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na huyu kijana, sijui nani alimfundisha, akabaki na mbacha wake.

Ukiangalia miaka michache mbele, unaweza kusema alipoteza. Coldplay walipaa. Keane walikuwa bado wanahangaika na vilabu vya London vyenye watu wachache. Halafu mwaka 2001 likaja pigo lenyewe: Dominic, mpiga gitaa, akaondoka.

Jamani, hebu elewa uzito wake. Kwa roki ya Uingereza enzi zile za Oasis, gitaa ndiyo nguzo ya nyumba. Bendi ya roki bila gitaa ni sawa na bendi ya dansi bila mpiga solo. Nani atakuja ukumbini? Watu watacheza nini?

Mimi ningekuwa wao ningetoka asubuhi hiyo hiyo kutafuta mpiga gitaa mwingine. London ina wapiga gitaa kama Kariakoo ilivyo na wamachinga. Ungempata mmoja ndani ya wiki, ukamvalisha koti la yule aliyeondoka, ukamsimamisha pale pale alipokuwa anasimama mwenzake, maisha yakaendelea. Si ndivyo nilivyofanya mimi na yule bwana wa kitunguu?

Wale vijana hawakufanya hivyo. Walikaa na pengo lao. Wakaangalia ndani ya nyumba wakajiuliza, tumebaki na nini? Wakakuta wamebaki na sauti, ngoma na piano. Piano ilikuwepo siku zote, ila ilikuwa imekaa pembeni, gitaa ndilo linaloonekana. Basi wakaisogeza mbele.

Tim akaja kujulikana kwa piano ya umeme aina ya Yamaha CP70. Hii si kinanda cha plastiki kile cha kwenye sherehe. Ndani ina nyuzi na nyundo za kweli, lakini sauti yake inapita kwenye umeme na spika kama gitaa. Ukiigonga kwa nguvu inanguruma. Baadaye akaiunganisha na vile vifaa vya kukwaruza sauti ambavyo wapiga gitaa hukanyaga kwa mguu, na ndiyo maana mwaka 2006 ulipotoka wimbo wao wa Is It Any Wonder?, watu wengi waliapa wamesikia gitaa. Hapakuwa na gitaa. Ilikuwa piano. Besi nayo waliirekodi mapema, wakawa wanaichezesha kwa kompyuta jukwaani.

Lakini usidhani mambo yalinyooka kesho yake. Ilipita zaidi ya mwaka mzima bila mtu wa maana kuwatazama mara mbili. Desemba 2002 walipiga kwenye ukumbi mdogo London. Miongoni mwa waliokuwepo alikuwemo Simon Williams wa Fierce Panda, lebo ndogo ya wale wanaoitwa indie, yaani wanaofanya muziki nje ya kampuni kubwa. Akawapenda. Mei 2003 akawatolea wimbo wa Everybody's Changing. Kampuni kubwa zikazinduka, na Island Records wakawachukua. Mei 2004 ikatoka albamu yao ya kwanza, Hopes and Fears, ikaingia namba moja Uingereza na kuuza zaidi ya nakala milioni 2 nchini humo peke yake. Kwenye tuzo za Brit za mwaka 2005 wakabeba ya albamu bora ya Uingereza na ya wasanii wapya.

Na sifa yao kubwa, kile kilichowatofautisha na bendi nyingine zote za rika lao, ilikuwa nini? Hawana gitaa! Pengo lile lile lililotaka kuwaua ndilo lililowapa sura yao.

Niliposoma kisa hiki, nilikaa kimya muda mrefu. Kwa sababu mimi yule mtu wangu alipoondoka baada ya miaka minne, nilikaa na pengo lake kwa wiki saba tu. Wiki saba! Sikuweza kuvumilia ule upande wa kochi ukiwa mtupu. Nikamtafuta wa kuujaza, na nikachagua kwa vipimo vya aliyeondoka, kama mtu anayenunua kofuli jipya huku ana ufunguo wa zamani mkononi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sikuwa peke yangu nyumbani. Nilikuwa naishi na mdogo wangu wa kike, alikuwa anasoma chuo. Miezi ile ya mwanzo ndiye aliyekuwa ananipikia, ananiamsha niende kazini, ananipunguzia sauti ya redio usiku nikishapitiwa na usingizi. Yeye ndiye alikuwa piano ya nyumba ile. Na mimi nilikuwa simuoni, macho yote yako kwenye kiti cha mpiga gitaa. Alipokuja yule bwana mpya, nikamwambia mdogo wangu awe anakaa chumbani kwake jioni, "mpate faragha ya kusoma." Eti kusoma.

Sasa ngoja nikumalizie upande wa Keane, maana kisa chao hakikuishia kwenye tuzo. Ningeishia hapo ningekuwa nimekudanganya.

Kubaki pamoja ni jambo moja, kuongea ni jambo lingine. Safari nyingi, watu wengi, fedha zimeingia, na wale marafiki wawili wa utotoni wakaanza kupishana kama wapangaji wa nyumba moja wasiosalimiana. Tim ndiye mtunzi mkuu wa nyimbo zao, na ni mtu wa kuandika kuliko kusema. Basi uchungu wake akauweka kwenye nyimbo. Albamu yao ya pili, Under the Iron Sea, iliyotoka Juni 2006, ina nyimbo kadhaa ambazo Tim aliandika kuhusu urafiki wake na Tom ulivyokuwa unayeyuka. Na nani aliyeziimba? Tom mwenyewe! Fikiria unapewa karatasi yenye malalamiko juu yako, halafu unaambiwa simama mbele ya watu uyaimbe kwa hisia.

Agosti mwaka huo huo ikatangazwa kwamba Tom ameingia kliniki kwa matatizo ya pombe na dawa za kulevya. Maonyesho ya Marekani yakafutwa. Wenzake wangeweza kutafuta mwimbaji mwingine. Hawakutafuta. Walimsubiri, akarudi, wakaendelea. Baada ya mwaka 2013 walipumzika kwa miaka kadhaa, wakarudi na albamu mwaka 2019, na mwaka 2024 wakazunguka kusherehekea miaka 20 ya albamu ile ya kwanza, wakiwa na Jesse Quin wa besi, aliyekuwa ameingia rasmi tangu 2011. Ona hapo: miaka 10 baada ya pengo, mtu mpya alikaribishwa. Lakini aliletwa kwa jinsi alivyo, hakuvalishwa koti la Dominic.

Nyumbani kwangu hapakuwa na mtunzi wa nyimbo. Kulikuwa na simu ya Nokia. Usiku mmoja nikiwa kitandani, ikaita ujumbe, halafu mwingine, halafu mwingine. Mdogo wangu alikuwa chumba cha pili, tumetenganishwa na ukuta mmoja, ananiandikia meseji. Nilisikia vitufe vyake vinavyobonyezwa upande wa pili. Aliandika, "Dada, mimi sijaondoka. Mbona unanifanya kama nimeondoka?"

Sikumjibu kwa simu. Niliamka nikaenda kugonga mlango wake. Tuliongea mpaka adhana ya alfajiri.

Kwa hiyo mpenzi msomaji, mwezi huu nakuachia mambo matatu.

Kwanza, mtu akiondoka, acha kiti chake kikae kitupu kidogo. Kitakuchoma macho, najua. Lakini pengo likishakaa muda ndipo unapoanza kuona lina umbo gani, na pengine utagundua halihitaji mtu, linahitaji wewe kusogea.

Pili, hesabu waliobaki. Sisi tukiachwa tunahesabu aliyeondoka tu, moja, moja, moja, usiku kucha. Nani anakupigia simu bila sababu? Nani amekuletea uji? Huyo alikuwepo siku zote, ila gitaa lilikuwa linapiga kelele.

Tatu, ukishabaki na mtu, ongea naye. Usimwandikie wimbo. Meseji ya chumba cha pili ni bora kuliko kimya, lakini mlango uko pale, gonga.

Na kama ulishamchukua mtu kwa sababu anafanana na mwingine, mwachie aende kwa heshima. Kumshika ni dhuluma. Kuna mahali huyo mtu anapendwa kwa kicheko chake mwenyewe, na wewe unamchelewesha.

Mimi nilimwambia yule bwana ukweli wote, tukiwa tumekaa pale pale sebuleni. Nilimwomba radhi. Nilitegemea atafoka, nikajiandaa kabisa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua funguo zake mezani, akafika mlangoni, akageuka.

"Nilijua tangu siku ile ya kitunguu," akasema. "Nilikuwa nasubiri uniambie."

Tukutane toleo lijalo.