Usimpe Kisogo, Mpeleke Akapime

Tuseme shemeji yetu anachimba dhahabu huko Mpanda. Amerudi na khanga ya zawadi, raha tupu. Ila usiku anakohoa. Wiki ya kwanza unasema ni mafua. Wiki ya tatu unamgeuzia mgongo, ugomvi umeanza!

Kumbe vita yenyewe iko mapafuni. Humo kuna walinzi waitwao makrofaji, seli ambazo kazi yao kubwa ni kula. Mwaka 1882 mwanasayansi Ilya Metchnikoff aliona jinsi seli zinavyomzunguka adui na kummeza, na mwaka 1908 akapata Tuzo ya Nobel. Kila kundi lina lindo lake. Za kwenye ini husafisha damu inayotoka utumbo. Za bandama humeza chembe nyekundu zilizochakaa, na zile zilizovamiwa na malaria. Za mapafu hufagia vumbi na vijidudu. Nyingine huwaita askari wenzao, nyingine hutengeneza kidonda kikapona.

Tatizo ni vumbi la mawe kutoka mashimoni na kwenye karasha. Lina silika. Mlinzi akilimeza, halisagiki. Anakufa, vumbi linamwagika, mwenzake analimeza, naye anakufa. Mapafu yanajaa makovu. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya.

Hapo TB inapata mwanya. Bakteria wake ni wajanja: wakimezwa, wanaweza kujificha na kuzaana ndani ya mlinzi huyo huyo! Ndiyo maana wachimbaji wanaugua TB kuliko watu wengi.

Afadhali TB inatibika. Dawa kwa kawaida ni miezi 6, na kwenye vituo vya serikali hutolewa bure. Akikohoa wiki 2 au zaidi, akikonda, akitoka jasho usiku, nendeni mkapime wote wawili. Kazini wamwagie mawe maji kabla ya kutoboa na kusaga. Avae barakoa ya kuchuja vumbi, leso haitoshi. Na nguo za machimbo azivue kabla hajakukumbatia, hata kama umemmiss vipi!

Dada, kikohozi si kosa lake. Kaka, kupima si kushindwa uanaume. Miezi 6 ya dawa ni mirefu kwa mtu aliye peke yake. Mkikumbushana kila siku, itaisha.

Tukutane mwezi ujao!