Khati ya Yan Zhenqing na Kosa la Kuhakiki Tabia

Imekuwa ada katika uhakiki wa khati ya Kichina kumsoma Yan Zhenqing, aliyezaliwa mwaka 709, kana kwamba brashi yake ilikuwa shahidi wa mwenendo wake. Aliitumikia nasaba ya Tang kwa uaminifu, akaupinga uasi wa An Lushan, na hatimaye akauawa mikononi mwa mwasi mwingine, Li Xilie. Basi, hudaiwa, mistari yake ni minene na imesimama wima kwa kuwa mwenyewe alikuwa mtu wa msimamo. Ouyang Xiu, katika karne ya 11, aliifananisha khati hiyo na waziri mwaminifu, na tangu hapo wengi wameirudia kauli hiyo pasi na kuipima.

Rai hii haina mashiko. Katika jiwe la Pagoda ya Duobao la mwaka 752, herufi zimebanana na ni nadhifu, kazi ya fundi anayetii kanuni. Katika jiwe la hekalu la ukoo wa Yan la mwaka 780, mistari ya wima imenenepa, ya mlalo imekonda, na nafasi iliyo ndani ya herufi imepanuka. Je, uaminifu nao ulinenepa kwa miaka hiyo 28? Kilichobadilika ni mbinu. Mi Fu, hodari wa khati wa enzi ya Song, aliling'amua hilo: aliishutumu khati rasmi ya Yan kuwa haina uungwana, lakini akaisifu ile ya mwendo wa haraka katika barua ya mwaka 764 kuhusu mpangilio wa viti vya maofisa. Mtu ni yule yule, hukumu ni mbili.

Kinyume chake ni Fu Shan, wa karne ya 17, aliyemkataa Zhao Mengfu kwa kuwa mzawa huyo wa ukoo wa kifalme wa Song aliwatumikia Wamongolia. Kwa mtu aliyeshuhudia nasaba ya Ming ikianguka, chuki hiyo inaeleweka. Lakini ni siasa, si uhakiki.

Hasara yake huonekana zaidi katika rasimu ya maombolezo ya mwaka 758, aliyomwandikia Yan Jiming, mwana wa binamu yake aliyeuawa na waasi, ambaye kichwa chake tu ndicho kilichopatikana. Brashi inaburutwa hata wino ukauke. Maneno yanakatwa, mengine yanachomekwa pembeni, na kuelekea mwisho herufi zinakimbizana. Uchungu umo humo, katika wino na makato, wala haukuletwa na wasifu. Wanaoshikilia kwamba khati ni tabia na waeleze kwanza kwa nini mstari wa mwanzo, wenye tarehe tu, umetulia, ilhali mkono ni ule ule na tabia ni ile ile.