Deko au Utumbo?

Mwandishi aliyedai kwamba wafugaji wa Bangale wamezoea tu maziwa, na kwamba mgeni anayeharisha akiyanywa anadeka, hajafika utumbo mwembamba. Huko ndiko kimeng'enya cha laktesi huikata sukari ya maziwa vipande viwili. Kikipungua, sukari huteremka nzima hadi utumbo mpana. Bakteria huichachusha, tumbo likanguruma, mkanda ukabana. Deko gani hilo? Mwaka 2007 mtaalamu wa jeni Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha, kati ya Wakenya, Watanzania na Wasudani, mabadiliko ya jeni yanayokiacha kimeng'enya hicho kiendelee kufanya kazi ukubwani. Jeni hurithiwa. Na yale maziwa lala yenye harufu ya moshi, ambayo mwandishi huyo aliyaita uchafu? Humo bakteria wameshakula sehemu ya sukari kabla hujainua kikombe.