Ile 3 moja ndani ya miliari 300



Kuko wenzetu wanaosema kama kuvunja namba kubwa ni kazi ya bure, ya egzamen tu. Siye viongozi wa wanafunzi hatukubali. Tuchukue namba moja ya inchi yetu: 300.000.000.000, miliari mia tatu. Hizo ndizo zaire za zamani zilizohesabiwa ndani ya franga moja ilipotoka mwaka 1998.

Ilifikaje huko? Zaire ilizaliwa 1967, na kwa bei ya Serkali moja ilikuwa dola mbili za Marekani. Kufika 1992 kulitoka noti ya 5.000.000. Mwaka 1993 wakaleta zaire mpya, moja kwa 3.000.000 za zamani. Halafu 1998 franga moja ikawa zaire mpya 100.000. Zidisha mwenyewe. Zile noti za milioni tano ungehitaji 60.000 kwa kupata franga moja, na leo franga moja hainunui hata njugu.

Sasa tuivunje katika namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Tunapata 2 mara kumi na moja, 5 mara kumi na moja, na 3 mara moja. Basi. Vigawanyo vyake vyote ni 288, lakini 7 haimo: ukigawia watoto saba, inabaki zaire moja ya kugombania.

Siye tunaangalia sana ile 3. Ukigawa kwa namba iliyojengwa na 2 na 5 tu, desimali zinaisha. Kwa hiyo hesabu ya 1998 ilikuwa nyepesi, unasogeza koma mara tano umemaliza. Ile ya 1993 ilikuwa na 3 ndani, na hapo desimali zinaweza kukimbia bila kuisha. Noti moja ya milioni tano ikawa zaire mpya 1,666666... Makuta 66, halafu? Mama muuza sambaza ku soko ya Kadutu arudishe nini? Kile kipande kisichoisha lazima kibaki mkononi mwa mtu, na mara nyingi kinabaki kwa yule anayejua kugawa.

Kule Kasai watu walikataa zaire mpya, wakaendelea na noti za zamani. Siasa ilikuwamo sana, hatusemi kama ni kwa sababu ya 3.

Tunaomba basi walimu wa hesabu, wakifundisha namba tasa kwa wadogo wetu, waache kidogo zile 360 za kitabu, waandike hii ubaoni. Na ninyi wadogo, nyumbani kwenu pengine kuko mzee anayetunza bado zile noti ndani ya sanduku. Mwombeni kwa heshima awaonyeshe, mumuulize alirudishiwa ngapi, kisha gaweni wenyewe.

Viongozi wa wanafunzi, mwaka wa mwisho