Meno mapya yasitupotezee maneno



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia, viatu, miwani na vumbi. Leo tuseme juu ya kinywa. Jambo hili si dogo. Shimoni, kinywa ni chombo cha kazi sawa na taa. Mtu mwenye taa mbovu, kapita hamruhusu kushuka. Lakini mtu ambaye maneno yake hayaeleweki vizuri, nani anamzuia?

Siku hizi, Butembo kama Beni, wengi wanatamani meno meupe yaliyopangika vizuri, kama wanavyoyaona kila siku ndani ya simu. Mwenye jino lililovunjika anataka kulificha. Mwenye meno yenye madoa anataka yang'ae siku ya arusi. Ndipo wanasikia habari ya faseti. Faseti ni ganda jembamba sana, la kauri au la plastiki ngumu, ambalo munganga wa meno analibandika kwa gundi upande wa mbele wa jino. Unene wake mara nyingi haufiki milimeta moja.

Kazi hiyo si ya jana. Mwishoni mwa miaka ya 1920, huko Hollywood, Marekani, munganga wa meno Charles Pincus alikuwa akiwatengenezea wachezaji wa sinema maganda ya meno. Yalishikwa kwa muda tu, yakatolewa baada ya kupiga picha, maana gundi ya wakati ule haikuwa na nguvu ya kutosha. Mwaka 1955 munganga mwingine, Michael Buonocore, alionyesha kwamba ukipaka jino asidi kidogo, uso wake unakuwa na mikwaruzo midogo inayoshika gundi. Toka miaka ya 1980 faseti za kauri zikaanza kubandikwa kwa kudumu. Leo munganga aliyejifunza vizuri anaweza kufanya kazi nzuri sana, na mtu akacheka bila kufunika mdomo kwa mkono.

Basi hatuji hapa kuwacheka wanaotaka kupendeza. Mtu anayeona haya kufungua kinywa chake ana mzigo, na kumtua mzigo ni jambo jema. Kinachotuhangaisha ni hiki: watu wanauliza bei, wanauliza rangi, wanauliza itadumu miaka mingapi. Hawaulizi: «Je, nitasema vizuri?» Sisi tunaona kwamba kwa mfanyakazi wa mgodi swali hilo ndilo la kwanza.

Meno yanafanya nini katika kusema?

Mtazame mtoto wa darasa la kwanza aliyeng'oka meno ya mbele. Mwambie aseme «sisi» au «sabuni». Hewa inapita penye pengo, sauti inatoka kama filimbi au inalegea, na wakubwa wake wanamcheka. Ulimi wake hauna ugonjwa. Amepungukiwa na ukuta tu. Meno ya mbele ni ukuta ambao hewa inaupiga, na ulimi na mdomo vinajua mahali pa ukuta huo bila sisi kufikiri.

Sema «fufu» polepole. Mdomo wa chini unapanda na kugusa ncha za meno ya juu. Sasa sema «vumbi»: ni vilevile. Meno yakiongezwa urefu, mdomo unakutana nayo mapema kuliko ulivyozoea, na sauti za F na V zinaharibika. Kisha sema «sombe» na «zawadi». Ulimi unakaribia nyuma ya meno ya juu, unaacha njia nyembamba, na hewa inapita kwa nguvu. Jino likinenepeshwa au likisogezwa mbele, njia ile inabadilika. Hapo «sita» inaweza kutoka kama «thita», au sauti ya S ikapiga mluzi.

Milimeta moja ni kidogo, ndiyo. Lakini ulimi ni mpimaji mkali kuliko rula. Uzi mmoja wa nyama ukibaki kati ya meno, ulimi unaurudia mpaka jioni. Usishangae basi kama unatambua ganda jipya juu ya meno sita kwa mara moja.

Maneno ya kazi yanaanzia wapi?

Sasa, mwenzangu, hesabu maneno tunayopigiana kelele kazini. Simama! Shusha! Zima! Funga! Vuta! Sogea! Yote yanaanza na sauti zinazotengenezwa mbele ya kinywa, kwenye meno au karibu yake. Ni yaleyale ambayo faseti mbaya inayagusa.

Nyumbani, mama akikosa kusikia, atauliza tena: «Umesema nini?» Sokoni pia hakuna hasara. Lakini ndani ya galeri, mashine ya kutoboa mwamba inanguruma, kompresere inalia, vumbi linaficha uso, na mwenzako haoni midomo yako. Anapata nusu ya neno tu. Kwenye radio ya kazi ni vibaya zaidi, kwa sababu sauti za S na F ndizo zinazopotea kwanza ndani ya kelele. Kama neno limeshatoka kinywani likiwa limevunjika, litafika sikioni likiwa vipandevipande. Na kazini hakuna muda wa kuuliza mara mbili wakati kamba inavutwa au jiwe linashuka.

Kwa hiyo tunasema wazi: usemi wa mfanyakazi si jambo la uzuri wake peke yake. Ni mali ya timu nzima.

«Nitazoea tu»

Wengine watatujibu: «Mambo hayo yanapita, ulimi unazoea.» Ni kweli, na hatutaki kuwatia watu hofu bure. Faseti ikitengenezwa vizuri, wengi hawaoni mabadiliko yoyote, au wanaona kigugumizi kidogo cha siku chache, mpaka wiki moja au mbili. Ulimi unajifunza mahali papya, kama mguu unavyojifunza kiatu kipya.

Lakini kiatu kipya hatukijaribu kwa mara ya kwanza juu ya ngazi ya shimo. Kwa hiyo, ukipanga kuweka meno, panga kufanya hivyo wakati wa likizo, si katikati ya wiki ya kazi. Siku za kwanza soma gazeti kwa sauti mbele ya watoto. Hesabu polepole: sita, saba, sitini na sita, sabini na saba. Rudia kwa Kifaransa: six, sept, seize, soixante. Sema «wasingya» kwa kila mtu nyumbani, hata kama hakukupa kitu. Ukirudi kazini, mwambie kapita: «Meno yangu ni mapya, kama hamnielewi mseme.» Hakuna aibu katika hilo.

Na kama wiki mbili au tatu zimepita na maneno bado hayajanyooka, usiseme tena «nitazoea». Rudi kwa munganga. Mara nyingi anaweza kupunguza ncha au kulainisha nyuma ya jino kwa dakika chache. Usijaribu mwenyewe kwa tupa au msasa. Tupa ni ya chuma.

Sema kabla ya gundi

Dawa bora iko kabla ya kubandika. Munganga mwangalifu huyaweka maganda kwanza bila gundi ya kudumu, ili mgonjwa ajitazame katika kioo. Wengi wanatazama tu, wanatikisa kichwa, wanasema «ni vizuri». Sisi tunakuomba ufanye zaidi. Keti wima, usilale. Sema maneno ya kazi yako yote, kwa sauti ile unayoitumia shimoni. Fundi umeme aseme yake, dereva aseme yake, mwalimu wa shule ya watoto wetu aseme yake. Kama neno moja linakwama, lisahihishwe palepale. Gundi ikishakauka, marekebisho ni magumu na pesa inatoka tena.

Ujue pia kwamba mara nyingi jino linachongwa kidogo ili kupokea faseti. Ganda la asili la jino halioti tena kama ukucha. Ukianza safari hiyo, hakuna kurudi nyuma. Baada ya miaka kumi, kumi na tano au zaidi, ganda litahitaji kubadilishwa. Na mwenye faseti asifungue chupa ya bia kwa meno, wala asivunje mfupa. Hata mwenye meno yake ya asili asifanye hivyo.

Ufundi wa njiani

Wanganga wa meno waliojifunza ni wachache kwetu, na hapo mafundi wa njiani wanapata nafasi. Anakuja na sanduku dogo, anabandika meno manne kwa saa moja, bei yake nusu, kesho hayupo. Ganda lake ni nene kwa sababu hana kipimo. Gundi inajaa hadi kwenye ufizi, chakula kinakwama, ufizi unavimba na kutoa damu. Chini ya ganda hilo jino linaoza kimya.

Kuna hatari nyingine pia. Kinywani kuna mate na damu. Watu wa Butembo na Beni hawahitaji kufundishwa maana yake. Toka tarehe 1 Agosti 2018 mpaka 25 Juni 2020 tuliishi na Ebola, na zaidi ya watu 2,200 walikufa. Tulijifunza kunawa, kuvaa glavu, kuogopa chombo kichafu. Chombo kinachotoka kinywa hiki kuingia kile bila kuchemshwa na kusafishwa sawasawa kinaweza kupitisha hepatiti B na virusi vya ukimwi. Tusisahau somo tulilolilipia kwa misiba.

Na ninyi mnaopenda jino la dhahabu, neno moja. Dhahabu safi iliyotayarishwa kwa kazi ya meno ni kitu kizuri. Lakini dhahabu mbichi iliyokamatwa kwa merkiri si kitu cha kupeleka kwa fundi akutengenezee jino. Merkiri ni sumu.

Si kila ulimi mzito ni wa meno

Hapa tusikilizane vizuri. Anayechoma merkiri na dhahabu anavuta moshi wake, na watoto walio jikoni wanavuta pamoja naye. Sumu hiyo inatetemesha mikono, inavimbisha ufizi, inaongeza mate, na inaweza kuulegeza usemi. Mtu wa namna hiyo akienda kuweka meno mapya atapoteza pesa na atabaki na ugonjwa. Dawa yake ni kuacha moshi na kuonwa na munganga.

Tena, kama mtu aliyekuwa akisema vizuri asubuhi anaanza ghafla kusema kama mlevi, mdomo umepinda upande mmoja, mkono umelegea, usilaumu meno wala kasiksi. Damu inaweza kuwa imeziba au imepasuka kichwani. Mpelekeni hospitali saa ileile.

Na wenye meno ya bandia ya kutoa na kurudisha, wasishuke shimoni na meno yanayocheza. Yanachafua maneno, na siku ya ajali yanaweza kuziba koo. Wenzako wa huduma ya kwanza wajue kwamba unayo.

Tunaomba nini?

Kwanza, mfanyakazi atumie franga zake kwa mpango: jino linalouma litibiwe kwanza, ufizi unaotoa damu wa pili, pengo la mbele la tatu, na weupe uje mwisho. Tunaona watu wanafunika jino bovu kama mtu anayepaka chokaa ukuta unaoanguka.

Pili, kampuni zetu za migodi zihesabu meno kuwa jambo la usalama. Wanapima macho yetu na masikio yetu kabla ya kutupa kazi. Ni vizuri. Lakini mwenye kusikia anamtegemea mwenye kusema. Mtu aliyevunjika meno ya mbele kazini arudishiwe meno, kwa sababu pamoja na meno alipoteza sehemu ya sauti yake. Hiyo si zawadi ya kumfanya apendeze.

Tatu, nyumbani, mama na baba wasimcheke mtoto mwenye pengo wala mzee mwenye meno mapya. Anayechekwa hunyamaza. Na mtu aliyezoea kunyamaza nyumbani atanyamaza pia siku atakapoona mwamba unapasuka.

Cheka vizuri, mwenzangu, pendeza. Lakini kabla ya gundi kukauka, sema kwa sauti kubwa: SIMAMA! Kama waliokuzunguka wamesimama, meno hayo ni yako.